Kore Sitini na Tatu Zasimamishwa Kazi

Siku ya Jumatatu, saa tatu kamili asubuhi, Mamlaka ya Vibali vya Mifugo Ukanda wa Meru iliutangazia umma kwamba foleni imefutwa rasmi kuanzia tarehe hiyo. Tangazo lilibandikwa ukutani, na watu wote waliokuwa kwenye foleni wakajipanga kulisoma.

Mwenye tangazo alikuwa Mkurugenzi Melkizedeki, mtu wa suti nne na maono mengi. Mkataba wake wa miaka mitano ulikuwa ukingoni, na Ijumaa ya wiki iliyofuata mgeni angekuja kutoka wizarani kuamua kama aongezewe mitano mingine. Melkizedeki aliitaka hiyo mitano kwa moyo wake wote. Nyumbani kwake Usa River alishaanza kuwaambia watu "kipindi changu cha pili", na mke wake alishachoka kumrekebisha. Ndiyo maana alinunua mashine.

Ilikuwa seva nyeusi, ndefu kama kabati la vyombo, yenye kore sitini na nne. Kore, kama Mkurugenzi alivyowafafanulia watumishi kikaoni, ni kichwa cha kufikiri ndani ya kompyuta. Kila kichwa kinatoa kibali chake bila kumngoja mwenzake. Isitoshe, kumbukumbu zote za mifugo zinakaa kwenye memori, mkononi kabisa, kwa hiyo hakuna kichwa kinachoamka kwenda stoo kutafuta faili.

"Kidole kimoja hakivunji chawa," alihitimisha. "Sisi tunavyo sitini na vinne."

Watumishi wakapiga makofi. Siku hiyohiyo Mkurugenzi akaagiza ofisini kwake kufungwe skrini kubwa yenye maneno VIBALI VILIVYOTOLEWA CHINI YA UONGOZI WA MKURUGENZI MELKIZEDEKI, na chini yake namba inayopanda kila kibali kinapotoka, papo hapo, pasipo kukosa hata kimoja.

Kazi ya kupima kasi alipewa Sinyati, mhandisi wa mifumo, binti wa Kisongo asiye na maneno mengi. Aliandika programu ya kuomba vibali vya ng'ombe wa kubuni mfululizo kwa dakika moja. Afisa wa afya ya mifugo alikataa katakata kuruhusu ng'ombe wa kubuni wasafiri bila chanjo, hivyo ikabidi wote waandikwe wamechanjwa. Ukanda wa Meru ukapata ng'ombe milioni tatu wasiokuwapo, wenye afya njema kuliko waliokuwapo.

Kwa kore moja, mashine ilitoa vibali elfu hamsini kwa sekunde. Kwa kore zote sitini na nne, ilitoa elfu kumi na mbili.

"Rudia," akasema Mkurugenzi.

Sinyati akarudia. Elfu kumi na moja mia tisa.

"Yaani vichwa sitini na vinne vinashindwa na kichwa kimoja?"

"Ndiyo, Mkurugenzi."

"Vimelala?"

"Hapana. Vyote viko bize, asilimia mia."

"Bize na nini?"

"Ndicho ninachotafuta. Naomba siku mbili."

Ombi la siku mbili halikukubaliwa, kwa sababu jambo zito kiasi hicho haliwezi kuachiwa mtu anayelifahamu. Iliundwa Kamati ya Kuchunguza Mwenendo wa Kore, chini ya uenyekiti wa Gidion, Afisa Utumishi. Gidion hakuwahi kusimamia mashine, lakini alikuwa amesimamia watu miaka ishirini na miwili na hakuona tofauti. Kamati ilikaa siku tatu katika hoteli moja karibu na Makumira, ikatafuna mbuzi wawili, ikatoka na ripoti yenye jalada gumu.

Ripoti ilibaini kwamba kore zina tatizo la utoro wa ndani kwa ndani, yaani ziko kazini ila kazi haionekani. Ikashauri lifunguliwe daftari la mahudhurio, na kila kore isaini kabla na baada ya kila kibali.

"Mzee, hiyo itazidi kuzichelewesha," Sinyati alisema.

"Binti, mtumishi asiyetaka daftari ana lake jambo," akajibu Gidion.

Daftari likafunguliwa ndani ya mashine, na kasi ikashuka hadi elfu saba. Gidion akafurahi, akaeleza kwamba huo ni ushahidi wa daftari kufanya kazi, maana zamani uzembe ulikuwepo ila haukuwa na kumbukumbu.

Hatua ya pili ilikuwa ya kinidhamu. Kore thelathini na mbili, za mwisho kwenye orodha, zilisimamishwa kazi. Sinyati akazizima, akapima tena, na kasi ikapanda hadi elfu kumi na tatu. Ukumbi mzima ukashangilia. Wakasimamisha nyingine kumi na sita, kasi ikapanda. Wakasimamisha nane, ikapanda. Kufikia jioni kore sitini na tatu zilikuwa nje kusubiri uamuzi wa Bodi, na moja iliyobaki ilikuwa inakimbiza vibali elfu arobaini kwa sekunde. Gidion aliitazama kwa upendo, akasema inafaa kupewa cheti cha mfanyakazi bora.

Mkurugenzi hakulala bila kuandika Waraka Namba Saba. Ulikuwa na sentensi moja tu: "Kiungo chochote cha Mamlaka, kiwe mashine au mtumishi, ambacho kikiondolewa kasi inaongezeka, kisirudishwe."

"Na watumishi pia, bosi?" Gidion aliuliza. "Ngazi zipi?"

"Andika ngazi zote. Waache wanywe chai wakiwa na hofu kidogo."

Gidion akaongeza maneno "wa ngazi yoyote", Mkurugenzi akausaini kwa wino wa kijani, na nakala zikabandikwa kila mlango.

Alhamisi, siku moja kabla ya mgeni, Sinyati alibisha hodi ofisini kwa Mkurugenzi. Macho yalikuwa mekundu kwa kukesha.

"Shikamoo, Mkurugenzi."

"Marahaba. Sema haraka, nafanya mazoezi ya hotuba."

"Nimelipata tatizo. Ni namba iliyoko kwenye hiyo skrini yako." Akaionyesha ukutani. "Kila kibali kabla ya kutoka lazima kiongeze moja hapo. Namba ni moja, inakaa mahali pamoja, na ina kufuli moja. Kore inashika kufuli, inaongeza moja, inaachia. Nyingine sitini na tatu zinasimama mlangoni zikigonga. Kadiri wagongaji wanavyokuwa wengi, ndivyo na kufuli linavyochelewa kupita mkono kwa mkono. Ukizima kore, fujo ya mlangoni inapungua. Ndiyo maana kasi ilipanda."

"Kwa hiyo hazikuwa zinafanya kazi?"

"Zilikuwa zinafanya kazi ya kusubiri."

"Zinamsubiri nani?"

"Zinakusubiri wewe, Mkurugenzi."

Melkizedeki alitakiwa kukasirika, lakini ukweli ni kwamba alijisikia vizuri. Vichwa sitini na vitatu vya kigeni, vilivyosafirishwa kwa ndege, na bado vilijua mkubwa ni nani.

"Tuitoe tu hiyo namba," Sinyati aliendelea. "Au kila kore ihesabu za kwake pembeni, tuje tujumlishe jioni."

"Jioni mgeni atakuwa ameshaondoka! Anatakiwa kuiona inapanda mbele ya macho yake, na jina langu juu. Namba ibaki. Kore zibaki zilikosimamishwa. Na wewe, ukilisema hili mbele ya mgeni, nitakutafutia kituo kipya cha kazi ambako hata nguzo ya umeme hawajawahi kuiona."

Mgeni aliitwa Mama Skolastika, mwanamke mfupi wa Rombo aliyebeba faili lake mwenyewe. Mkurugenzi alimpokea saa nne getini, kwa zulia jekundu. Hakujua kwamba mama huyo alikuwa amefika saa moja na nusu, akasimama kwenye foleni iliyofutwa, nyuma ya mfugaji mmoja wa Terrat aitwaye Lomayani, aliyekuwa na siku ya tatu pale huku ng'ombe wake tisa wakikonda mnadani.

"Hii ndiyo mashine yetu," Mkurugenzi alisema.

"Ina kore ngapi?"

"Sitini na nne, mama."

"Zinazofanya kazi?"

"Moja. Nyingine tumezisimamisha kwa utovu wa nidhamu."

Mama Skolastika akaandika. Hakucheka hata kidogo. Mkurugenzi akampa Waraka Namba Saba, naye akausoma mara mbili, akatikisa kichwa kwa heshima.

"Miaka yote niliyofanya ukaguzi sijaona waraka mnyoofu hivi. Umeusaini mwenyewe?"

"Kwa mkono wangu." Melkizedeki aliiona miaka mitano ikimjia ikiwa imevaa tai.

"Basi tuutekeleze. Binti, ukiachiwa utoe unachotaka humu ndani, utatoa nini?"

Sinyati alimwangalia Mkurugenzi, akaangalia kibodi. Alikuwa na mama yake wa kumtunza, na uhamisho aliokuwa ametishiwa haukuwa mzaha. Kisha akaketi, akalitoa daftari la mahudhurio, akaitoa namba ya kwenye skrini, akaziwasha kore zote sitini na nne, akaanzisha jaribio.

Milioni mbili na laki sita kwa sekunde.

Gidion aliuliza kwa sauti ndogo kama kore zitalipwa stahili zao za kipindi cha kusimamishwa.

"Sasa foleni ya nje," akasema Mama Skolastika. "Yule baba wa Terrat kibali chake kilitoka kwenye mashine juzi. Kwa nini bado yuko pale?"

"Kinasubiri saini," Gidion akasema.

"Ya nani?"

Gidion akawa mwepesi wa kutazama dari. Kila kibali kilipotoka kilichapishwa, kikapandishwa ghorofa ya pili kwenye trei, kikangoja wino wa kijani. Kwa wiki mbili mwenye wino alikuwa kwenye mazoezi ya hotuba.

"Mkurugenzi, una likizo ya siku ngapi?"

"Arobaini na mbili, mama. Sijawahi kwenda. Kazi hii bila mimi—"

"Chukua kumi, kuanzia leo. Ni jaribio tu."

Jumatatu vibali vilitoka kwenye mashine vikaenda moja kwa moja dirishani. Jumanne saa sita mchana Lomayani alikuwa ameshauza na kurudi kwao, na mlinzi wa foleni alikuwa anachezea kirungu chake bila mtu wa kumtisha. Gidion alipima siku zote kumi kwa uaminifu, kisha akaandika barua: "Rejea Waraka Namba Saba uliousaini. Baada ya kiungo husika kuondolewa, kasi imeongezeka. Tunakutakia mapumziko mema." Alimwonea huruma bosi wake, lakini waraka ni waraka.

Mwezi uliofuata Melkizedeki aliamua kuuza fahali wake. Aliomba kibali kwa simu, akiwa zizini, na moyoni aliomba kichelewe. Siku tatu zingemtosha. Hata moja. Angepiga simu wizarani, angesema kwa upole kwamba alishawaonya.

Simu ikalia kabla hajairudisha mfukoni. Kibali kilikuwa kimetoka. Alikishusha mpaka chini kutafuta mahali pa saini, hakupaona. Akapiga simu ofisini.

"Shikamoo mzee," akapokea Sinyati.

"Marahaba. Kibali changu kimetoka."

"Ndiyo, mzee. Hongera."

"Nani ameidhinisha?"

"Chanjo ipo, alama ya ng'ombe ipo. Kimepita tu."

"Na hakuna aliyeuliza huyu ng'ombe ni wa nani?"

"Hakuna, mzee. Kuna tatizo?"

Fahali alikuwa ameshafunguliwa kamba, dereva wa lori anamngoja. Melkizedeki alitafuta tatizo, akalitafuta kweli, kwa uzoefu wote wa miaka mitano.

"Hakuna," akasema, na kilichomuuma ni kwamba ilikuwa kweli.