Redio-gramu Iliyoimba Ushongo

Jumapili, 4 Oktoba 1987

Redio-gramu yetu, redio na kinanda cha santuri katika sanduku moja la mbao, ilitoka ndani ya nyumba hii Aprili 1983, wiki ya msako wa wahujumu uchumi. Haikuwa ya magendo! Niliinunua kwa jasho langu, nikiwa mnyapara wa korona, mashine ya kukwangua majani ya mkonge, pale shambani, mkonge ulipokuwa mkonge. Kosa lake lilikuwa moja. Sikuwa na risiti. Watu walikuwa wanatupa sabuni chooni, wanazika mabati. Nami nikampa mfanyabiashara mpita njia, akaniachia nusu gunia la mchele. Mchele ukaisha mwezi huohuo.

Praxeda, mke wangu, hajanilaumu hadi leo. Lakini akifagia sebule hupazunguka pale ilipokuwa imesimama, kana kwamba bado ipo.

Sasa leo! Tumetoka misa, napita sokoni, naona karatasi ukutani. Inauzwa redio-gramu, rangi ya asali, miguu minne, ina kovu la birika juu ya kifuniko. Mnunuzi afike mwenyewe Kigombe, amuulizie Shaib.

Kovu la birika! Zebedayo, shemeji yangu, ndiye aliyeliweka birika la moto pale juu siku ya harusi yetu. Kovu kama hilo haliwezi kuwepo la pili duniani. Jumamosi ya tarehe 17 tunatimiza miaka ishirini ya ndoa. Itaimba siku hiyo. Nimeapa.

Nimeing'oa karatasi, asije akaiona mwingine.

Jumanne, 6 Oktoba

Miraji kanuna. Miraji ni jirani yangu, anauza mitumba, ana redio mpya ya kaseti mbili inayopigia kelele mtaa wetu mzima wa Nguvumali tangu alfajiri. Nilimwambia habari, ili tu ajue kwamba vitu vya maana vinarudi kwa wenyewe.

Akaanza mawaidha. Eti mzee Castory, usiende peke yako. Eti kijaribu kitu kwanza, ndipo utoe chako. Eti muuzaji akibadilisha mahali pa kukutana, geuza urudi nyumbani. Akajitolea kunisindikiza. Nikamwuliza nauli ya mtu wa pili atalipa nani, babu yake? Akacheka. Akasema mafundi cherehani kama mimi ni watu wa kupima kila kitu isipokuwa binadamu.

Nimekaa na hesabu zangu. Mtu aliyejenga nyumba ya tofali kwa sindano na uzi hafundishwi kununua na muuza soksi kuukuu. Mimi nimejifunza jambo moja mwaka themanini na tatu, nalo ni risiti. Ukiwa na risiti, nani atakugusa?

Praxeda nimemwambia naenda kutafuta vifungo.

Alhamisi, 8 Oktoba

Nimerudi! Imerudi! Naandika ikiwa mbele yangu, imeviringishwa kwa mkeka na kamba.

Nilipanda basi la asubuhi, baiskeli yangu juu ya keria. Nilikuwa nimemtumia Shaib salamu kwa konda wa basi, naye akajibu kwamba angependa baiskeli na pesa kidogo, kuliko pesa tupu. Mtu wa busara. Pesa siku hizi unalala nayo ikiwa shati, unaamka imekuwa kola.

Kigombe sikumkuta. Mama mmoja muuza samaki wa kukaanga akasema Shaib kahamia Ushongo tangu jana, na kwamba mimi ni wa tatu kumuulizia. Wa tatu! Nikahofia wamenitangulia. Nikapanda baiskeli mwenyewe hadi Pangani, nikavuka kwa pantoni, nikakanyaga tena mchangani. Njiani nilipita mkonge uliotelekezwa, umemezwa na majani. Zamani mistari ile ilinyooka kama mshono. Tulikuwa na klabu, tulikuwa na bendi ya shamba, na Jumamosi Praxeda akivaa gauni la njano hata msimamizi alikuwa anasahau kunifokea.

Shaib ni mtu wa Pemba, mpole, kanzu safi, maneno ya asali. Alinikaribisha kwa kahawa na haluwa. Akaniita ndugu yangu kabla hajajua jina langu. Akasema tangu anunue chombo hiki alijua kina mwenyewe anayekililia.

Ilikuwa imesimama ukutani, imefunikwa kanga. Akaifunua. Kovu la birika! Nilitia kidole. Mduara uleule. Shaib akainama nyuma yake, akazungusha kitu. Ikakohoa. Ikasema! Taarifa ya habari, kisha taarabu, sauti inatoka palepale kwenye kitambaa cha mbele. Nililia, sioni haya kuandika. Ushongo hakuna umeme, na redio-gramu yangu inaimba! Hapo ndipo utajua vitu vya zamani viliundwa na watu. Nilipomuuliza, Shaib alinieleza kwamba mashine za enzi zile huweka akiba ya umeme ndani. Nilipiga hesabu. Miaka kumi na sita kwenye plagi yetu. Akiba yake si haba.

Nikamkabidhi baiskeli na pesa, nikadai risiti. Hakusitasita! Akaandika kwa wino, akagonga muhuri wa mviringo. Wakati naikausha risiti juani na kuisoma upya, yeye alikwenda kuifunga redio-gramu kwa mkono wake, asiruhusu mtu amsaidie. Akaniasa nisiifungue njiani, hewa ya chumvi itaua sauti. Nimerudi na lori la nazi, nimeikumbatia njia nzima.

Ijumaa, 9 Oktoba

Niliwaita majirani. Niliwaita kumi na wawili! Miraji nikamweka mbele kabisa, aone vizuri.

Nikakata kamba. Praxeda alikuwa jikoni, akatoka na mwiko mkononi, akasimama mlangoni. Mwiko ukaanguka.

Nikachomeka plagi. Kimya. Nikazungusha. Kimya. Mtu mmoja akasema labda imechoka na safari. Nikafungua ubao wa nyuma.

Makumbi ya nazi. Kiota cha kuku, mayai mawili. Na katikati ya vumbi, mraba msafi wa ukubwa wa kiredio cha mkononi, na betri moja kuukuu iliyobiringika hadi kwenye kidole gumba changu. Matumbo yote ya redio-gramu yangu, hakuna. Hata sahani ya kupigia santuri hakuna!

Miraji aliiokota betri, akaipeleka sikioni. Akasema akiba ya umeme ndiyo hii, mzee, itunze. Watu waliangua kicheko. Akaomba aone risiti. Akaigeuza juani, akasema muhuri huu ni wa kizibo cha soda. Muhuri ni muhuri! Nimeihifadhi ndani ya Biblia.

Praxeda hakucheka. Aliwapita wote, akaweka kiganja juu ya kovu la birika, akakiacha hapo. Akasema ni yetu. Kisha akanigeukia na kuniuliza vifungo viko wapi.

Jumapili, 11 Oktoba

Matusi! Miraji kaja na redio yake ya kaseti mbili, kasema Jumamosi tuiweke ndani ya sanduku, tuitie waya, itaimba kama zamani na hakuna atakayejua. Hataki chochote. Anasema ni zawadi ya ndoa. Praxeda alikubali papo hapo, ameshaanza kulinyoosha gauni la njano. Ameshaiweka redio-gramu pale pale pake, anafagia na kuizunguka, na anaimba.

Mimi nikae na mke wangu siku ya miaka ishirini nikisikiliza tumbo la Miraji? Hapana! Imebaki siku sita.

Nimepima jambo hili kwa kichwa baridi. Aliyekuwa na sanduku bila shaka anayo matumbo. Kwa nini ayatupe? Alisahau kuyafunga tu, kwa haraka ya kuniwahisha lori. Nimemwandikia, barua inaondoka kesho na konda. Nainakili hapa niwe na ushahidi.

Ndugu Shaib, salaam. Matumbo ya redio-gramu yangu unayo, au huna? Sitaki hadithi. Nataka neno moja, kwa mkono wa konda, kabla ya Alhamisi saa kumi jioni. Kama unayo, nitakuja mwenyewe, peke yangu, na cherehani yangu ya pili, kokote utakakokuwa umehamia. Nawe uyafunge vizuri kabla sijafika, nisikupotezee muda kwa kuyafungua. Ila risiti iwe na mihuri miwili.