Filamu ya Koko na koti la zipu

Jamani, leo sina pa kuuweka uso.

Mnajua nilinunua kamera ya zamani, ile ya filamu, nyeusi na nyeupe. Wiki iliyopita nilimpiga Koko, mama yake mama yangu, anayeishi ng'ambo ya mpaka, Goma. Koko hapendi picha za simu (anasema simu inamzeesha). Kwa kamera hii alikubali. Akavaa kitenge chake cha harusi, akasukwa nywele, akakaa wima kama jaji. Alitaka picha moja tu, kubwa, ya kutundika sebuleni. Nikamwambia: "Jumamosi uje Gisenyi. Nitakuwa nimezisafisha mwenyewe."

Mwenyewe! Sijawahi kusafisha filamu maishani.

Maelekezo yote ya mtandaoni yanasema kitu kimoja: unaitoa filamu kwenye kikasha chake na kuizungusha kwenye gurudumu la plastiki ndani ya chumba chenye giza kabisa. Ukishaifungia kwenye kopo lake, washa taa, mimina dawa. Sawa. Lakini kwa nini chumba kizima? Nani alipima? Filamu inahitaji giza la kuenea mikono miwili, basi.

Nikachukua koti langu nene la mtumba. Nikaweka ndani filamu, gurudumu na kopo, nikafunga zipu, nikakunja shingo na pindo. Mikono yangu nikaiingiza kinyumenyume kwenye mikono ya koti, hadi viwiko. Nikakaa sebuleni, mchana kweupe, koti mapajani.

Na ikafanya kazi! Niliipapasa filamu kwa vidole, laini, ikijikunja kama kitu hai. Nikawaza: picha zimo humu tayari, lakini ukithubutu tu kuzitazama, zinakufa. (Nilitaka kuliandika hilo mahali. Sikuwa na mkono.)

Ndipo mlango ukafunguliwa. Koko, saa nzima kabla ya wakati.

"Eh! Mi nimefika! Mujukuu, simama unisalimie!"

"Karibu, Koko! Samahani, siwezi kutoa mikono."

"Mikono iko na nini?"

"Iko kazini."

Kwa walio mbali: huku kwetu mkono hutolewa. Ukiwa na sabuni au matope, unatoa kifundo cha mkono, mwenzako anakishika hicho, maisha yanaendelea. Kutotoa chochote ni tusi. Mama akachungulia kutoka jikoni.

"We! Mama yangu amevuka mupaka na miguu, unamusalimia umekaa?"

Nikasimama na koti langu, kama mtu aliyevunjika mikono yote miwili. Vifundo vilikuwa gizani na filamu, kwa hiyo nikatoa kiwiko. Nilijiona mwerevu sana. Adabu imetimia, giza limebaki!

Lakini Koko hasalimii nusunusu. Alikidaka kiwiko kwa mikono miwili akanivuta kifuani. Mkono wangu ukachomoka kwenye koti kama muhogo baada ya mvua. Filamu ilikuwa imenasa kwenye saa yangu, ikafuata. Zaidi ya mita moja, ya kijivu, inang'aa, ikaruka na kujikunja sakafuni.

"Nyoka!" Mama akapiga yowe.

Koko alikuwa na mwavuli. Akaipiga mara tatu. Kwa ustadi.

"Imekufa?"

"Imekufa, Koko."

"Ilikuwa nini?"

"Ilikuwa wewe."

Koko akaketi polepole, akautazama mwavuli wake.

"Donc, yaani mi nimejipiga?" Hakucheka. "Na kitenge? Na nywele?"

"Vyote, Koko."

Hapo ndipo nilipoumia kweli. Nikaiokota niitupe. Halafu nikajiuliza: mwanga ulifika hadi wapi hasa? Mwisho wa filamu ulikuwa haujatoka kwenye kikasha, na kikasha kilibaki ndani ya koti. Nikarudi kwenye koti, nikaimalizia, nikaifungia, nikamimina dawa. Koko alikunywa chai akinisimamia kama mtihani wa taifa.

Nikaitoa. Nyeusi. Nyeusi. Nyeusi tii, mwanga umeichoma. Mwishoni kabisa, picha moja nzima! Nikaielekeza dirishani, nikaigeuza rangi kwa simu, nyeusi iwe nyeupe, sote watatu vichwa vimegusana.

Haikuwa Koko. Ilikuwa ile aliyonipiga yeye, nilipompa kamera ajaribu. Mimi, kuanzia shingoni kwenda chini. Inaonekana wazi kabisa, hadi vifungo vya shati unavihesabu.

"Koko, kichwa changu kiko wapi?"

Akainywa chai yake bila haraka.

"Mi nilichukua sehemu yenye inatumika."

Sasa hivi anawatumia ndugu wote wa Goma ujumbe wa sauti. Amekubali kukaa tena mbele ya kamera, kwa sharti kwamba kusafisha nimwachie mtu mwingine. Ninyi tafadhali msicheke. Nafasi za wachekaji zimejaa.