Ngazi Iliyonyooka Mno

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Waamuzi,
Chama cha Waunda Magari Madogo.

Pole kwa kazi ya Jumamosi. Mimi ni yule kinyozi wa gari la zimamoto, meza ya saba, kundi la Kazi ya Mkono Mtupu. Naandika kwa heshima zote, ila nimekasirika.

1. Gari lile nimeliunda miezi kumi na minne kwa bati la kopo la maziwa, njiti za kiberiti na nyembe zangu kuukuu. Karatasi yako ya alama inasema ngazi imenyooka mno, kwa hiyo ni ya dukani. Mkanikata pointi ishirini, nikawa wa pili. Mwaka wa sita huu nakuwa wa pili! Ngazi ile ina vipandio thelathini na viwili, nimevikata kimoja kimoja, mpaka leo kidole gumba kina ganzi. Mtu aliyechonga ndevu za watu miaka ishirini na sita atashindwa kunyoosha ngazi?

2. Aliyenishinda ni daktari wa meno. Magurudumu yake, vioo, hata mpira wa maji, vyote vilikuja kwa posta vikiwa kwenye vifuko. Akavikwaruza kwa tupa ya kazini vionekane vya mkono, nanyi mkaandika "roho ya fundi". Fundi yupi? Labda aliyeshona vifuko.

3. Wateja wangu wanasema, mimi sisemi, kwamba meno yako mawili ya mbele ni ya kununua, na aliyeyaweka ni daktari huyo huyo. Sina neno nayo, yamekaa vizuri. Nauliza tu, mdomo wenye vipuri vya dukani unahukumuje ngazi yangu?

4. Hivyo basi naomba kila mtu asage rangi yake na afue koleo lake. Kombe nalo, kwa kuwa limenunuliwa, liyeyushwe, mshindi alitengeneze upya. Miwani yako tutaijadili. Na gari lolote lenye kipande ambacho mshindani hakukiunda kwa vidole vyake mwenyewe litolewe, bila huruma, liwe la nani liwe.

5. Nirudishiwe pointi zangu. Sililii kombe. Umeandika mbele ya watu kwamba mkono wangu si wangu, na sasa wateja wananitazama mara mbili nikishika wembe. Imeniuma sana.

Wasalimie waamuzi wenzako, mama wa chai, mlinzi wa ukumbi, na daktari pia. Mwambie jino langu la kushoto limeanza tena, nitapita Jumanne.

Ni mimi, mwenye ngazi,
Kinyozi wa mkabala na kituo cha mabasi.

N.B. Nimemsomea mke wangu barua hii kabla ya kuifunga. Yeye ni fundi cherehani. Alicheka mpaka nambari ya tatu, ya nne akaweka mkasi chini, akaniambia ukweli. Kumbe siku tatu kabla ya mashindano aliikalia ngazi yangu, ikavunjika vipande vipande. Akaona nitaugua, akaunda nyingine mimi nikiwa kazini. Mchana mmoja tu! Nami jioni ile nikamwonyesha jinsi nilivyoinyoosha, akanipa hongera.

Kwa hiyo nambari ya nne ifute. Ya kwanza iache, ila kwenye ngazi, badala ya "mimi" usome "mke wangu". Tutumie fomu mbili za mwakani, na yake iweke kundi lingine, tafadhali. Nimechoka kuwa wa pili.