Kila Mgeni na Jani Lake

Jumatatu, 7 Aprili

Siku mbaya. Asubuhi Kalina kamwita paka wetu kwa jina la meya. Nikacheka. Baadaye meya mwenyewe kapita barabarani, Kalina akamwita kwa jina la paka na kumrushia kichwa cha samaki. Sikucheka tena.

Binti yetu Nevena kapiga simu kutoka Plovdiv. Kasikia mama yake anasahau. Nani kamwambia? Zdravko! Jirani yangu wa upande wa pili wa ua, mdomo wake hauna breki. Nevena anakuja Jumapili ya Matawi. Akikuta ni kweli, anamchukua mama yake akaishi naye ghorofani mjini. Nikamjibu kwamba mama yake ni mzima kama chuma. Nyuma yangu Kalina akauliza naongea na nani.

Ndoa ya miaka mingi, nimtoe kama kabati? Simtoi! Nyumba hii bila Kalina ni zizi, na ng'ombe ni mimi.

Cheti cha dawa cha Daktari Asparuhova kiko kwenye droo tangu majira ya baridi. Alituambia ni vidonge, na asili ya dawa hiyo ni ua jeupe la kinamasini, kokiche. Haviponyi, alisema, ila kuna watu huwasaidia kushika kumbukumbu kwa muda, na visitarajiwe kufanya kazi kabla ya wiki kadhaa. Nilimwitikia kwa heshima. Moyoni nikacheka. Ninunue duka la dawa kitu kinachoota nyuma ya nyumba yangu? Akili ni nywele, kila mtu ana zake.

Jumanne, 8 Aprili

Nimekwenda kinamasini, ukingoni mwa mto Tundzha. Nimevaa mabuti ya Kalina, yangu yanavuja. Mabuti ya Kalina ni madogo, kisigino hakikuingia. Hatua chache tu, mguu ukatoka, buti likabaki.

Lakini kokiche nimepata! Fungu zima. Nikapita mafichoni kama mwizi, maana ua hili linalindwa na halichumwi bila kibali. Hakuna aliyeniona. Isipokuwa Zdravko, alikuwa darajani na ndoano yake. Akapaza sauti hadi bata wakaruka: "Yavor! Umeoa kinamasi siku hizi? Buti la mahari umeshaliacha!"

Nikamwambia natafuta kuku aliyepotea. Akasema kuku wangu anaogelea vizuri.

Jumatano, 9 Aprili

Nimechemsha. Viazi, bizari, majani ya kokiche. Nikaonja kwanza mwenyewe, kama mume mwema. Kijiko kimoja. Kichungu! Nikaongeza chumvi na kuonja tena.

Kalina kaingia jikoni, kafunua sufuria, kanusa. Huyu Kalina alifanya kazi maisha yake yote kwenye kituo cha kununua mimea ya dawa. Jina la mjukuu linamponyoka, la jani halimponyoki kamwe. Akabeba sufuria, akaimwaga shimoni, akafukia kwa koleo ili kuku wasifike. Ndipo akanigeukia: "Yavor, unataka kuniua, au wewe ndiye umechoka kuishi? Hii ni sumu! Kiwandani wanaisafisha, wanaitenga, wanaipima chembe kwa chembe. Wewe unapima kwa mwiko?"

Nilikuwa nimeinamia ndoo.

Nimetapika mpaka jioni. Daktari kapigiwa simu, kaja, kanigombeza huku akinipima mapigo. Kalina alinishika kichwa muda wote. Kaniita kwa jina langu mara tatu. Kwa mara ya nne ningekuwa tayari kuinywa tena.

Alhamisi, 10 Aprili

Bado nimelegea, lakini ubongo unachapa kazi. Tatizo ni Jumapili. Siku hiyo kila mwenye jina la mmea husherehekea jina lake, na wageni huja bila kualikwa. Yavor ni mti. Kalina ni kichaka cha matunda mekundu. Nevena ni ua. Yaani nyumba nzima! Kijiji chote kitamwagika hapa, na Kalina atatakiwa kumkaribisha kila mmoja kwa jina, mbele ya Nevena.

Nikaruka kitandani. Mimea haisahau! Basi kila mgeni avae mmea wake kifuani. Violeta avae urujuani, Yasen tawi la mti wake, Zdravko lile jani la kunukia lenye jina lake. Kalina atasoma majani, atasema majina. Nani atajua?

Nimezunguka kijijini nikitangaza kwamba ni desturi ya kale. Kasisi akauliza mbona hajawahi kuisikia. Nikasema niliipata kwa bibi yangu. Zdravko akadakia kwamba bibi yake hakuwahi kuitaja. Nikamwambia bibi yake alikuwa kiziwi, angetaja nini? Akaondoka amenuna. Ushindi!

Jumamosi, 12 Aprili

Jana na leo nimefagia, nimepaka chokaa, nimekaanga samaki. Kalina anaimba. Kila baada ya muda anauliza nani anakuja. Kila mara nikimwambia, anafurahi upya. Faida ya ugonjwa huu ni hiyo tu, na hata hiyo inaniuma.

Jumapili, 13 Aprili

Nevena alifika mapema. Alimkumbatia mama yake, macho yakimpeleleza. Kalina aliona ua kwenye koti la binti na kusema, "Nevena wangu!" Nikajipiga kifua chumbani, peke yangu.

Wageni wakaja. Kalina mlangoni kama malkia. Violeta, karibu! Yasen, mguu wako unaendeleaje? Hakukosea hata mmoja. Nevena akaanza kulegeza mabega.

Kisha Zdravko. Kajichomeka waridi! Makusudi kabisa, kunikomoa. Nikafumba macho. Kalina akalitazama waridi, akamtazama mwenye waridi. "Waridi gani wewe? Wewe ni Zdravko, unayenyonya maji ya bustani yangu kila kiangazi!" Nyumba ikaangua kicheko. Zdravko akawa mwekundu kuliko waridi. Sijawahi kumpenda mke wangu kama saa ile.

Nikashuka ghala la chini ya nyumba kuongeza rakia, pombe yetu kali ya matunda. Nilikuwa nimechomeka majani kwa kila mtu, kifuani mwangu hamna kitu. Nani anahitaji alama nyumbani kwake?

Nikapanda na chupa mkononi. Kalina akainuka, akanipa mkono kwa adabu. "Karibu, bwana. Sikukuu njema. Wewe ni wa nani?"

Nikasema mimi ni wa hapahapa.

"Basi kaa, usiondoke," akasema. "Mume wangu kashuka chini kuleta rakia, anarudi sasa hivi. Ni mtu wa vituko, utampenda."

Nikakaa. Nikamsubiri pamoja naye.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimelia, na sioni haya kuandika. Nevena naye alilia, kisha akasema mficha maradhi kifo humuumbua, na kwamba alijua tangu Krismasi. Hamchukui. Amesema alimwona mama yake akiutazama mlango jana, akimngoja mumewe, na ghorofani Plovdiv angengoja hivyo kila siku. Ila ana masharti: vidonge, muuguzi kila wiki, na mimi niache hila. Nimeapa mbele ya sanamu takatifu.

Zdravko kaleta supu ya samaki. Akasema mama yake mzazi alimwita "afisa wa kodi" miaka miwili, naye Zdravko akaendelea kumpikia. Hakutania hata kidogo. Tukakaa kwenye ngazi, tukainywa pamoja.

Kalina kameza kidonge cha kwanza. Nevena kaondoka na basi la mchana.

Jumanne, 15 Aprili

Hila nimeacha. Kabisa! Hili la leo si hila. Alfajiri nimekata tawi la mti wa yavor kwenye ua wa ofisi ya meya, kijijini hakuna mwingine uliochanua. Tawi kubwa, lisikosewe. Nikalifunga kwenye kofia, nikaketi mezani kusubiri chai.

Kalina kaingia. Kanitazama kwa muda mrefu.

"Yavor, mbona umejifunga jani kama punda aliyetoka kichakani? Livue, unamwaga wadudu kwenye mkate!"

Kaniita jina! Bila kusita! Nikamkumbatia na tawi langu, akanipiga kwa taulo.

Nimempigia Daktari Asparuhova. Nikamjulisha kwamba vidonge viwili haviwezi kuwa vimefanya haya, yeye mwenyewe alisema wiki kadhaa. Basi ni nini? Ni jani la yavor! Mtu hahitaji shahada kuliona hilo. Akaniomba, kwa sauti ya mtu aliyechoka, nimpe mke simu.

Zdravko anasema ana sufuria kubwa kuliko yetu. Kesho tunachemsha.