Marufuku ya Starehe Bwawani

Mbele ya wanahabari, wakuu wa idara na kipaza sauti kilichokuwa kikikoroma kama mgonjwa wa kifua, Mkurugenzi wa Mamlaka ya Maji alitangaza kwamba kuanzia saa ile starehe imepigwa marufuku katika bwawa la maji ya kunywa. Akafafanua kwamba boti hazijapigwa marufuku, kwa kuwa boti ni chombo tu, na chombo hakina kosa. Kilichopigwa marufuku ni kustarehe ndani yake. Utafiti wa kina, alioufanya mwenyewe ukingoni akiwa amevaa miwani ya jua, ulikuwa umebaini kwamba watu wakifurahi juu ya maji, furaha yao hushuka, hutua chini, kisha huingia kwenye mabomba. Hakuna mwananchi anayestahili kunywa furaha ya mtu asiyemjua.

Ukumbi ukapiga makofi. Mwanahabari mmoja aliuliza itajulikanaje kama mtu amepanda boti kwa starehe au kwa kazi. Mkurugenzi akamshukuru kwa swali zuri, akasema ndiyo maana ameteua Msimamizi wa Bwawa. Msimamizi atamwuliza.

Msimamizi alikuwa amekaa mstari wa nyuma, kofia mpya mapajani. Maisha yake yote ya kazi alikuwa msoma mita, mtu wa kuinama kwenye mashimo ya watu huku mbwa wao wakimhesabu pumzi. Siku ile aliposikia cheo chake kikisomwa kwenye kipaza sauti, alihisi mgongo ukinyooka wenyewe. Alirudi nyumbani akaipiga pasi kofia, kisha akamwambia mkewe kwamba nchi imeanza kuwa makini. Mkewe akamwambia aipige pasi na suruali basi.

Alipewa kibanda cha mabati kando ya gati, meza, mhuri na minyororo ya kutosha. Kanuni zenyewe zilikuwa fupi, na alizikariri kama dua. Kila anayeingia majini aulizwe: kazini au starehe? Kazi ikichanganyika na starehe, yote itahesabiwa starehe. Atakayepatikana na starehe, chombo chake kitafungwa mnyororo.

Watu hawakukawia kuelewa somo. Wavuvi walianza kuondoka gatini na nyuso za kwenda msibani. Kijana mmoja na mchumba wake walivuka bwawa wakigombana kwa sauti mwanzo hadi mwisho, wakarudi wameshikana mikono chini ya turubai. Bwana mmoja mwenye kitambi alipiga makasia akiwa amevaa tai, mkoba wa ofisi miguuni, na alipoulizwa alisema yuko kwenye kikao na nafsi yake. Msimamizi alimtafakari kwa muda, akampitisha. Vikao ni kazi.

Mambo yalimwendea vizuri hadi alipokuja mama mkwe wake.

Mama mkwe alikuwa mkunga. Zahanati ilikuwa ng'ambo hii, na ng'ambo ya pili kulikuwa na mitaa mizima ya wanawake ambao uchungu ukiwashika walituma mtu kumwita yeye. Alikuwa na boti ndogo ya mbao, aliyoiendesha mwenyewe kwa mikono iliyozoea shughuli. Asubuhi ile aliingia na mfuko wake wa vifaa, akakaa, akashika makasia.

"Shikamoo mama," alisema Msimamizi, macho chini kama inavyompasa mkwe.

"Marahaba mwanangu. Nisukumie kidogo."

Msimamizi hakusukuma. Alikohoa, akavaa kofia, akauliza lile swali huku akiutazama ubao wa boti badala ya mwenye boti. Mama mkwe akasema ni kazi, kuna mzazi anamsubiri. Hapo mambo yangeisha salama, lakini Msimamizi alikuwa mtu wa haki, na haki haijui ukwe. Akauliza tena kama kuna starehe yoyote ndani ya kazi hiyo.

Mama mkwe aliweka kasia chini. Alikuwa mwanamke asiyejua kudanganya, kasoro iliyokuwa imemgharimu mengi maishani. Akasema kwamba kwa kweli hakuna kitu anachokipenda duniani kama kumpokea mtoto, na kwamba hata safari yenyewe humpendeza, maji yakiwa yametulia hivi.

Msimamizi alifumba macho. Angeweza kujifanya hakusikia. Lakini walinzi wawili wa gati walikuwa wamesikia, na wavuvi walikuwa wamesikia. Akachukua mnyororo.

Mama mkwe hakubishana. Alishuka na mfuko wake, akaomba lifti kwenye lori la mchanga lililokuwa likizunguka bwawa kwa barabara ya vumbi. Alipofika, mtoto alikuwa ameshazaliwa sakafuni kwa jirani, kamba ya kitovu shingoni. Alimkuta bluu. Alifanya alichojua kufanya, na baada ya muda ambao hakuna aliyetaka kuusimulia, mtoto akalia.

Habari ilifika nyumbani kwa Msimamizi kabla yake. Mkewe alimwandalia chakula, akamwekea na maji ya kunywa, akaketi kumtazama. Alipouliza kwa nini anatazamwa hivyo, mkewe akasema anaangalia kama maji yana furaha ndani yake. Basi. Hakusema lingine jioni ile, wala kesho yake. Msimamizi alilala akijiambia kwamba kanuni ni kanuni. Alijiambia tena na tena, kama mtu anayejaribu ufunguo mbovu.

Kesho yake alikwenda ofisi kuu kuomba wakunga wasamehewe kifungu cha pili. Mkurugenzi alimpokea vizuri, akamwagizia soda. Akasema anaelewa uchungu wake, hasa kwa vile wenyewe ni uchungu wa uzazi, akacheka mwenyewe. Lakini alieleza kwamba ukianza kwa mkunga utaishia kwa mpiga gitaa. Akashauri mama mkwe ajitahidi kuichukia kazi yake, angalau akiwa juu ya maji. Watumishi wengi wa umma wameweza.

Wakati huohuo Mamlaka ilikuwa imenunua Boti ya Kudhibiti Starehe. Ilikuwa nyeupe, ndefu, yenye paa la kivuli na viti vya ngozi. Ilikuwa na jokofu la kuhifadhia sampuli za maji, na spika kubwa mbili za kutolea onyo. Kila Jumamosi Mkurugenzi mwenyewe alijitolea kufanya doria, akiambatana na wataalamu. Msimamizi aliwaona wakipita, spika zikitoa onyo lenye ngoma na gitaa, wataalamu wakinyanyua sampuli kwenye bilauri. Wao hawakuulizwa swali. Mkurugenzi alikuwa ameshatoa ufafanuzi kwamba daktari haambukizwi na mgonjwa wake, jambo ambalo daktari yeyote angemkatalia.

Jumamosi moja, katikati kabisa ya bwawa, injini ya Boti ya Kudhibiti Starehe ilikohoa, ikakohoa tena, ikanyamaza. Spika nazo zikafa. Makasia hayakuwamo, kwa sababu mahali pake palikuwa pamewekwa jokofu. Boti ikaanza kuzunguka polepole, ikionyesha ubavu huu kisha ule, kama mtu anayejaribu nguo dukani.

Watu wakaanza kukusanyika ukingoni. Walikuja wa sokoni, wa gereji, wa zahanati. Simu ya Msimamizi ikaita. Mkurugenzi alisema kwa sauti ya chini kwamba hali si mbaya, ila jua ni kali na upepo unawapeleka kwenye lango la kumwagia maji, kwa hiyo itumwe boti haraka.

Msimamizi akageuka kutafuta mpiga makasia, na hapo ndipo tatizo la kikanuni lilipojitokeza. Watu wote walikuwa wanacheka. Wavuvi walikuwa wameegemeana, machozi yanawatoka. Aliposema anayetaka kwenda aje, walijitokeza wengi, lakini hakuna hata mmoja ambaye ungeapa kwamba haendi kustarehe. Mvuvi mmoja alijikaza, akauma mdomo, akafika hadi botini, kisha akamwona Mkurugenzi kwa mbali akipiga makasia kwa kofia yake. Alicheka hadi akabebwa. Wakamleta mchimba makaburi, mtu ambaye hakuna aliyewahi kuyaona meno yake. Siku hiyo yalionekana yote.

Msimamizi alipiga simu kueleza. "Mheshimiwa, nimekosa mtu asiye na furaha."

 Mkurugenzi akasema apelekwe yeyote. Msimamizi akamkumbusha kwa heshima kwamba kifungu cha pili hakina yeyote.

Ndipo teksi iliposimama, na mke wa Mkurugenzi akashuka. Alikuwa ameona picha kwenye simu, kama mji mzima, ingawa yeye alikuwa ameagwa asubuhi kwamba kuna semina mkoa wa jirani. Kicheko kilikatika mbele yake kama nyasi. Alisimama ukingoni, mkono juu ya macho, akaitazama boti nyeupe, na kofia pana ya kike iliyokuwa imekaa karibu sana na kiti cha mumewe.

Msimamizi alimtazama usoni. Katika uso ule hakukuwa na starehe hata chembe. Pembeni yake alikuwa amesimama mama mkwe, ambaye pia hakuwa akicheka, kwa sababu tangu mtoto yule wa bluu hakuwa ameona la kumchekesha. Msimamizi alichukua ufunguo, akaufungua mnyororo wa boti ya mbao.

"Nisamehe mama," alisema, na safari hii alimtazama. "Lazima nikuulize."

"Kazi," alisema mama mkwe, akimsaidia mke wa Mkurugenzi kupanda. "Nimewavuta wengi waliokwama. Na huyu atatoka."

Walikwenda kasia kwa kasia. Kutoka ukingoni watu waliona boti ndogo ikifika, kamba ikifungwa, na wataalamu wote wakisogea upande mmoja kwa ghafla hata boti ikainama. Kisha ile ndogo ikaanza kuivuta ile kubwa. Mkurugenzi alikuwa amekaa mbele kabisa, akitazama maji kama mtu anayesoma.

Gatini Msimamizi aliwasubiri amevaa kofia. Hakuwa na kinyongo, wala hakuwa anafurahi. Alikuwa na kazi. Akauliza, kwa sauti ileile aliyomwuliza nayo mama mkwe wake, kama Mheshimiwa alikuwa kazini au starehe.

Mkurugenzi akasema kwamba bila shaka alikuwa kazini. Ukaguzi wa mawimbi.

"Na huyu?" aliuliza mkewe.

"Mtaalamu wa mawimbi."

Mke wa Mkurugenzi akamgeukia mwenye kofia pana, akamwuliza kwa upole bwawa hili lina mawimbi ya namna gani. Dada yule alitazama maji, ambayo yalikuwa yametulia kama sinia. Akasema yeye kwa kweli ana saluni, na alialikwa kuja kula kuku.

Watu walingoja. Mkurugenzi alimwangalia mkewe, akamwangalia Msimamizi, akayaangalia maji.

"Baba watoto, jibu," alisema mkewe. "Kama hii ndiyo kazi, Jumatatu nitakuja kukaa ofisini nikuone unavyoifanya."

Kijasho chembamba kilimtoka Mkurugenzi. Alipozungumza, Msimamizi ilibidi ainame kumsikia.

"Starehe," alisema.

Msimamizi akaufunga mnyororo kwenye Boti ya Kudhibiti Starehe, akaukaza, akaujaribu. Mkurugenzi alipoulizwa kama ana la kujitetea, alisema kanuni zile ziliandikwa kwa haraka. Kisha akaelekea kwenye gari la ofisi lililokuwa likimngoja juu ya barabara, akashika kitasa cha mlango. Haukufunguka. Dereva aliteremsha kioo kidogo, akiwa na adabu zake zote.

"Samahani mheshimiwa. Hili ni gari la kazi tu."

Mkewe alikuwa ameshaketi nyuma, viatu mkononi, miguu ingali na maji.

"Na yeye?" aliuliza Mkurugenzi.

"Mama ametoka kuokoa watu," alisema dereva, akawasha gari.