Uzinduzi wa Nyumba ya Moshi ya Abankesi, Siku ya Jumanne

Mheshimiwa Mwakilishi wa Waziri, uliyeleta udhuru. Mheshimiwa Mwakilishi wa Mwakilishi, ambaye tunaambiwa yuko njiani. Nana Mtukufu, Chifu wa Abankesi, pamoja na mwavuli wako. Mkuu wa Wavuvi. Wachungaji na maimamu. Wageni wetu wa matembezi kutoka ng'ambo. Na ninyi kina mama wa samaki, mlioombwa kukaa upande ule upepo unakokwenda: itifaki imezingatiwa, na ambaye hakuzingatiwa ajizingatie mwenyewe. (Makofi kutoka hemani.)

Mimi, Kobina Essilfie, Mkuu wenu wa Wilaya, nimefarijika mno kuona wavuvi wote, mpaka wasionipigia kura, wameacha bahari wakaja kunisikiliza. (Sauti: Leo Jumanne, mheshimiwa! Nani anaingia baharini Jumanne? Kicheko.) Nalifahamu hilo. Nimezaliwa bara, lakini nalifahamu. Ratiba iliyosema wageni watapanda mtumbwi asubuhi kuvuta nyavu iliandaliwa na kamati, siyo mimi, na kondoo mliyetutoza kwa kutaka kumsumbua mungu wa bahari siku yake ya kupumzika ameshamfikia Mkuu wa Wavuvi. (Mkuu wa Wavuvi: Amekonda!) Amekonda kwa mujibu wa bajeti.

Ndugu wananchi, matembezi ya leo yamevunja rekodi. Wageni waliofika ni wanane pamoja na dereva, ambao kitaalamu, ukizingatia fursa mtambuka na mnyororo wa thamani, ni sawa na mia nne. Wameiona ngome nyeupe. Wamelipiga picha kaburi la gavana wa kikoloni, ambalo tumelipaka rangi mara mbili mwaka huu. (Sauti: Na zahanati je?) Zahanati siyo kivutio. Wameshushwa pia katika kile chumba cha chini kisicho na dirisha, ambacho kamati yangu, ili kujenga mazingira rafiki kwa mgeni, imekipa jina jipya la Ukumbi wa Utulivu. (Bibi mmoja: Humo walifungiwa watu wetu, wakasafirishwa utumwani!) Ndiyo maana, bibi, nikasema utulivu. (Chifu anatazama pembeni.)

Tuendelee. Hapa tuliposimama, chini ya ukuta wa ngome, palikuwa na matanuri ya udongo ya kina mama hawa ya kukaushia samaki, yakitoa moshi uliokuwa ukiingia kwenye picha za wageni. Serikali sikivu ikayavunja. (Maame Araba Baidoo, mkubwa wa wauza samaki: Msimu mzima samaki wanatuozea mikononi! Watoto wetu wanakula madonge ya kenke ya mahindi na pilipili tupu!) Nakusikia, Maame Araba, na pilipili ina vitamini. Lakini niliahidi nini? (Wanawake: Nyumba!) Niliahidi Nyumba ya Moshi ya kisasa, yenye matanuri yake, paa lake na bomba la kupeleka moshi mbinguni bila kupitia kwenye kamera. Leo asubuhi, mbele ya Nana na mbele ya wageni hawa, mzee msemaji wa chifu amewamwagia wahenga kinywaji, akawatamkia kwamba nyumba imefunguliwa na kina mama wamekabidhiwa. Mchakato umekamilika kwa asilimia mia moja na nne! (Makofi hemani. Wavuvi wanaangaliana.)

Utepe ndio huu, kutoka mnazi huu mpaka mnazi ule. Abankesi! (Sauti chache: Juu!) Utalii! (Dereva: Juu!) Moshi! (Wanawake: Juu kabisa!)

Kwa kumalizia, nawashukuru wageni kwa kupiga picha ya utepe bila kuuliza kilichopo nyuma yake. Namshukuru fundi aliyechora ile picha ya jengo ubaoni kwa kuinakili kutoka kwenye kalenda. Na nawashukuru sana kina mama kwa uvumilivu wenu kuhusu jengo lenyewe, ambalo ujenzi wake utaanza mara tu itakapoamuliwa kama kiwanja hiki ni chake au ni cha hoteli ya wawekezaji. Asanteni, na Mungu... (Utepe unakatwa.) Maame Araba, mkasi ule ulikuwa wa Mwakilishi! Mnakwenda wapi na mabeseni yaliyojaa udongo?

(Maame Araba: Ndani.)

Ndani ya nini?

(Maame Araba: Ya nyumba. Jumanne ndiyo siku yetu ya kufinyanga matanuri, baba. Ungechagua Jumatano ungetukosa. Kinywaji kimemwagwa, wahenga wameshaambiwa tumekabidhiwa. Au tuwaite tena, uwaeleze kwamba ulikuwa unawatania?)

Nana, tafadhali, uwaambie...

(Chifu: Mimi sina ubavu wa kubishana na wahenga.)

Jamani, hoteli! Wawekezaji! Zimeni hiki kipaza sauti!

(Maame Araba: Ingieni, wenzangu. Na mfute miguu mlangoni, nyumba ya watu mpya hii.)

(Wanawake wanafuta miguu pale utepe ulipokuwa, mmoja mmoja, kisha wanaingia.)