Waraka wa Mayai Rangi ya Bahasha

Kwa niaba ya Idara ya Viwango vya Mayai ya Uani, ninayo heshima kubwa kuutangazia umma kwamba zoezi la kuoanisha rangi za mayai na saa za utagaji limekamilika kwa mafanikio ya kupigiwa mfano. Kuku wote walishirikishwa. Hawakukubaliana na lolote, lakini walishirikishwa.

Mimi ndiye niliyekuwa Afisa Mwandamizi wa Utagaji, kwa hiyo sielezi ya kusikia. Mambo yalianza siku Mkurugenzi wetu, mtu wa suti ya kijivu ambaye tulimwita Muhuri akiwa hayupo, alipoandaliwa mayai mawili ya kuchemsha asubuhi: moja jeupe, moja la kahawia. Alifika ofisini ameghadhibika. "Kila kuku anajiamulia tu," alisema, "na sisi tupo tunatazama!" Kabla ya saa ya chakula cha mchana, Waraka ulikuwa umetoka.

Ulikuwa Waraka mfupi na wenye busara. Yai lolote litakalotagwa uani liwe la kahawia, kahawia ileile ya bahasha ya kaki ya ofisi. Litagwe siku ya kazi, kati ya saa mbili na saa nne asubuhi. Kuku akishatimiza miaka mitatu astaafishwe, na kwa kuwa kuku hana kijiji cha kurudi, astaafishwe kwa kisu.

Nikapewa bahasha ya kulinganishia, saa ya mkononi na mtaa wa kukagua. Mtaa wenyewe ulikuwa wa mama mkwe wangu.

Mama mkwe ni mkunga mstaafu. Ana miaka themanini na mmoja, miwani nene, na mwendo unaoniacha nyuma nikitweta. Nusu ya mji huu ilipitia mikononi mwake, ndiyo maana wakubwa kwa wadogo humwita Mama Mkunga. Nilimkuta uani akibadilisha majani makavu kwenye masanduku ya kutagia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kunisalimia, au hiyo bahasha ndiyo imekuleta?"

"Vyote viwili, mama."

"Haya, anza na salamu, ya bahasha yatafuata."

Alikuwa na kuku watatu. Wa kwanza, Karani, alikuwa mweupe, mwembamba, mwenye haraka zake. Alitaga yai jeupe karibu kila siku, akapiga kelele mtaa mzima ujue, kisha akaondoka bila hata kugeuka nyuma kulitazama. Wa pili, Tofali, alikuwa mwekundu na mzito. Mayai yake yalikuwa ya kahawia, nami nikayaweka juu ya bahasha na kufurahi, ila nilipoyataka zaidi nikakuta amejibanza sandukuni, manyoya yamemsimama, hataki kutoka. Nikaandika: *mgomo wa kukaa kitako.*

"Mgomo gani?" mama mkwe aliuliza. "Huyo anaatamia. Hatagi tena mpaka aangue. Hebu weka mkono hapo uone."

Niliweka mkono. Nilijeruhiwa nikiwa kazini, na fomu ya jambo hilo niliijaza kwa mkono wa kushoto.

Wa tatu alikuwa Shangazi. Kuku mdogo, mwenye vishungi vya manyoya mashavuni kama ndevu, aliyetembea kana kwamba uwanja wote umeandikishwa kwa jina lake. Mama mkwe alinyoosha kiganja, na ndani yake palikuwa na yai la buluu. Sitii chumvi. Lilikuwa buluu kama shati la mwanafunzi lililofuliwa mara nyingi.

"Mama," nilisema kwa upole, "hii rangi haimo kwenye Waraka."

"Waraka haukutaga." Akavunja kipande cha ganda la Tofali, akakilowesha na kukisugua kwa ukucha. Kahawia ikabanduka. "Unaona? Hii yenu inapakwa juu mwishoni, ndani ni jeupe tupu. Sasa tazama la Shangazi." Akaligeuza ganda la buluu. Ndani nako buluu. "Huyu ni hivi hivi nje na ndani. Huwezi kumsugua."

Nikaandika: *yai limekataa marekebisho.*

Suala la saa lilikuwa gumu zaidi. Niliketi uani kwa juma zima. Jumatatu Shangazi alitaga saa mbili na nusu, nikampa alama nzuri. Jumanne saa nne kasoro, nikamvumilia. Jumatano saa tano. Alhamisi saa saba mchana. Ijumaa hakutaga kabisa, alikuwa akioga vumbi mbele yangu. Nikamwandikia barua ya kujieleza na kuibandika kwenye banda.

"Yai hukaa njiani siku nzima na saa moja juu yake, na wakati mwingine zaidi," mama mkwe aliniambia, huku akiniletea chai. "Kila siku atasogea mbele. Akifika jioni atapumzika, aanze upya asubuhi. Ndivyo alivyoumbwa. Mwambie bosi wako."

Nilimwambia. Muhuri aliuliza kuku huyo ana umri gani. Nikasema miaka sita. Akasimama, akafunga kifungo cha koti. "Rangi si yake, saa si zake, na umri umempita mara mbili. Aletwe mbele ya kikao, mwenye kuku aeleze, kisha hukumu itekelezwe palepale."

Nyumbani, mke wangu aliisoma hati ya wito akiwa amesimama. Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililonitisha.

"Unajua Shangazi alianguliwa lini?" aliuliza.

"Miaka sita iliyopita."

"Wiki tuliyomzika baba. Mama hakuwa anakula wala kulala. Kifaranga kile ndicho kilichomtoa chumbani. Sasa nenda ofisini ukafanye kazi yako. Kuku huyo akichinjwa, usirudi hapa. Nitakuletea mashuka hukohuko, utandike juu ya meza."

Nilitafakari vipimo vya meza yangu. Si ndefu.

Kikao kilifanyika asubuhi katika ukumbi wa Idara. Meza kuu walikaa Muhuri, naibu wake, na wakuu wa vitengo saba. Pembeni alikaa katibu wa kikao, binti makini kutoka ofisi ya utumishi, aliyeandika kila neno hata kikohozi. Mama mkwe aliingia na tenga mkononi. Ndani ya tenga alikuwamo Shangazi, na kwapani mama mkwe alibana daftari kubwa lenye jalada jeusi.

"Bibi," Muhuri alianza, "una uthibitisho gani wa umri wa kuku huyu? Wananchi wengi hudanganya."

"Mimi sidanganyi umri wa kiumbe, mwanangu. Miaka arobaini nimeandika waliozaliwa, na nilipostaafu mkono haukuzoea kukaa bure, nikaendelea na kuku." Akafungua kurasa za mwisho. "Shangazi. Mwezi wa pili, tarehe tisa, saa sita mchana. Ganda lilichelewa kupasuka, nikamsubiri."

Muhuri alipendezwa mno. Alilichukua daftari, akalipekua, akawaonyesha wakuu wa vitengo. "Mnaona, ndugu zangu? Tarehe, saa, mwandiko unasomeka! Kumbukumbu za namna hii ndizo ninazozililia humu ndani. Daftari hili nalipokea kama ushahidi kamili na wa kuaminika." Akatoa muhuri mfukoni, akaupulizia, akagonga kwenye jalada kwa nguvu hadi Shangazi akashtuka tengani.

"Sasa," aliendelea, "kwa nini kiumbe huyu hatii saa?"

"Kwa sababu ni kiumbe. Katika miaka yangu yote hakuna aliyekuja kwa barua. Wengine waliwahi, wengine walichelewa. Wewe mwenyewe ulichelewa."

Muhuri alijigusa kifua.

"Mimi?"

"Nilikuwa na miaka kumi na tisa, bado najifunza kazi. Ulikuwa mtoto wangu wa tatu kupokea." Alirudisha kurasa hadi mwanzo kabisa, akasogeza miwani. "Huyu hapa. Mama, fundi cherehani, nyumba ya nyuma ya karakana. Mtoto wa kiume. Alitarajiwa tarehe mbili, akaja tarehe kumi na tisa. Alitanguliza makalio."

Mkuu wa kitengo cha mizani aliinama ghafla kutafuta kalamu iliyokuwa mkononi mwake.

"Ni miaka sitini na miwili sasa," mama mkwe alimalizia, akitabasamu kwa fahari. "Na tazama ulivyokuwa mtu mzima!"

Katibu aliacha kuandika. "Samahani, Mheshimiwa. Nimeandika sitini na miwili. Faili lako linasema hamsini na saba."

"Andika hamsini na saba."

"Siwezi, Mheshimiwa. Umri wa kustaafu ni sitini."

"Basi daftari hilo si halali! Ni makaratasi ya bibi mmoja!"

"Umelipokea kama ushahidi kamili na wa kuaminika," katibu alisoma, kidole juu ya mstari. "Na muhuri ni wako. Wino haujakauka."

Muhuri aliitazama meza kuu akitafuta wa kumtetea. Naibu wake alikuwa akilitazama daftari kama mtu aliyeona nyoka kwenye kiatu.

"Na wewe nakufahamu," mama mkwe alimwambia naibu kwa upendo. "Pacha. Ngoja nikutafute. Ulizaliwa mwaka ule..."

Naibu alikumbuka kwamba ana mgeni kutoka nje. Mkuu wa mizani alikumbuka mgonjwa. Viti vilikwaruza sakafu, milango yote miwili ikajaa migongo ya suti, na kabla mama mkwe hajafungua ukurasa wa pili, meza kuu haikuwa na mtu isipokuwa Muhuri, muhuri wake ungali mkononi.

Hukumu haikutekelezwa, kwa kuwa haikutolewa. Barua ya kumstaafisha Mkurugenzi ilitoka Jumanne. Waraka bado upo kisheria, lakini kuurejesha mezani kunahitaji kikao cha wakuu wote, na hakuna mkuu anayekubali kukaa chumba kimoja na mama mkwe wangu. Mimi nililala kitandani kwangu.

Wiki mbili baadaye nilikuwa uani pale, safari hii bila bahasha, nikiokota mayai. Mtu akabisha langoni. Alikuwa Muhuri, kwa miguu, bila koti. Alimwamkia mama mkwe, akakataa kiti, akasimama akizungusha kofia mkononi.

"Mama," alisema kwa sauti ndogo, "mama yangu alifariki nikiwa mdogo. Sina wa kumuuliza. Siku ile... alilia sana?"

Mama mkwe alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanga.

"Alicheka, mwanangu. Nilipokuweka kifuani pake alicheka mpaka machozi yakamtoka. Akasema, 'Bwana mkubwa huyu! Wiki mbili nzima ametukalisha kwenye foleni.'"